Mama Pasi na Mtaa wa Mdogo Wake

Mama Redio ndiye aliyeleta habari, kama kawaida yake, beseni la nguo kiunoni na mdomo usio na breki. Alisema shemeji yake, yule dereva aliyepata kazi ng'ambo, amekuja likizo na neno. Mwaka jana alimwona Mama Pasi huko kwa macho yake mawili. Hakumwona uwanja wa ndege wala kwenye maduka makubwa yenye taa. Alimwona kwenye mtaa wa nyumba za kawaida tu, asubuhi, amevaa sweta la kijani, mkate kwapani, anatembea kama mtu anayerudi kwake.

"Akamwita," Mama Redio alisema. "Mama Pasi, Mama Pasi. Kimya. Akamsogelea mpaka hapa na hapo. Yule mama akamwangalia, shoga yangu, kama unavyomwangalia mtu aliyekosea nyumba. Halafu kizee kimoja kikachungulia dirishani, kikamwita kwa jina jingine kabisa. Hilo akaitika."

Mama Chiriku alikuwa amechuchumaa bombani anafua nepi. Jina hilo alipewa na wapangaji kwa ajili ya mwanawe, anayeanza kupiga kelele kabla jua halijatoka na hanyamazi mpaka usingizi umchukue.

"Labda alikuwa mtu aliyefanana naye," alisema.

"Afanane naye mpaka lile kovu la pasi mkononi? Shemeji yangu si kipofu. Yule ana mume huko, ana nyumba, na jina amepewa. Ndiyo maana kila mwaka anakwenda na harudi na hata picha moja. Na safari hii harudi. Shika neno langu."

Mama Redio aliinua beseni lake akaenda kulitangaza neno hilo kwingine. Mama Chiriku aliendelea kusugua nepi ambayo ilikuwa imeshatakata. Hayo ya mume hayakumgusa. Lile neno la mwisho ndilo lililomkata maini.

Mama Pasi alikuwa na chumba cha mbele, kinachotazama barabara. Nusu ya chumba alilala, nusu alifanyia kazi. Kulikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, na juu yake shuka jeupe lenye alama za moto za miaka mingi, nyingine zikiwa na umbo kamili la pasi kama nyayo za mtu aliyepita mezani. Pasi zilikuwa mbili, moja ya kufanyia kazi, nyingine ya kusubiri ile ya kwanza iharibike. Nguo zilizokwisha zilining'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na mteja akiingia ilibidi ayapangue mashati ya watu wengine kwa mikono kama anayepita shambani. Chumba kilinukia mvuke na sabuni, na mwenyewe alinukia hivyo hivyo hata siku za mapumziko.

Alikuwa mwembamba, mrefu, na goti moja lililokuwa likimsumbua. Hakuwa mwanamke wa maneno. Mteja mmoja mwenye tumbo aliwahi kumlalamikia kwamba shati limerudi dogo. Mama Pasi alilitazama shati, akalitazama tumbo, akasema, "Baba, mimi nanyoosha tu, sipunguzi." Mpaka leo wapangaji wakionana na mtu anayesingizia wengine hutumia neno hilo.

Mama Chiriku alihamia nyumba hiyo akiwa na mimba ya miezi ya mwisho. Mumewe ni utingo wa malori, mtu wa kuonekana na kupotea, na mama yake mzazi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Uchungu ulipomshika, aliyeita gari alikuwa Mama Pasi, na aliyekaa naye hospitalini akimpangusa jasho alikuwa Mama Pasi. Waliporudi na mtoto, alimwogesha yeye. Kisha, mtoto alipoanza kukaa, akamwita mama yake mezani na kumpa kazi.

"Elimu yako?" alimwuliza siku hiyo.

"La saba."

"Inatosha. Shati halina la nane."

Akamfundisha. Alikuwa na sheria moja asiyoitania. Kola kwanza. Baada ya kola mabega, baada ya mabega mikono, mwisho mwili. Mama Chiriku akisahau akaanza na mkono wa shati, alipigwa kofi jepesi kwenye vidole. "Mtu anatazamwa shingoni," Mama Pasi alisema. "Anza pale anapotazamwa."

Kila mwaka, shule zikifungwa na sare za wanafunzi zikipungua mezani, alipanda ndege. Alichopata mwaka mzima kwenye pasi kiliishia kwenye nauli hiyo, na hakuna aliyewahi kumwona na kitenge kipya. Wapangaji walijua tu kwamba alikuwa na mdogo wake huko, aliyemfuata ziwa, mfuaji wa nguo katika hoteli moja, na kwamba mdogo huyo aliugua akafa na kuzikwa huko huko. Walimsamehe safari ya kwanza. Ya pili wakasema anakwenda kaburini. Baada ya hapo wakaanza kutaka picha.

"Mnara ule wa kwenye kalenda umeuona?" Mama Redio alimwuliza mara moja, mbele ya watu.

"Sikuuona."

"Ule mto wenye madaraja?"

"Sikufika."

"Sasa siku zote hizo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilinunua mkate. Nilifagia ngazi. Nilikaa dirishani."

Watu walicheka. Mama Pasi akawatazama bila hasira. "Na ninyi mnara wa simu huu hapa juu, nani amewahi kutoka nyumbani kwenda kuuangalia? Anayekaa mahali hana haja ya kupaangalia."

Walicheka tena, safari hii pamoja naye, na mambo yakaisha. Lakini Mama Chiriku, aliyekuwa amesimama nyuma na mtoto begani, alilishika neno moja. Anayekaa. Mgeni wa siku chache hajiiti anayekaa.

Kulikuwa na mengine aliyoyaona, na hakumwambia mtu.

Mwaka jana Mama Pasi aliporudi, Mama Chiriku alimkimbilia getini na mtoto mkononi. Mtoto yule alikuwa amelelewa kwenye mgongo wa Mama Pasi. Alimtazama, akakunja uso, akajificha kwenye shingo ya mama yake na kulia kilio cha woga, kile ambacho watoto humlilia mtu wasiyemjua. Mama Pasi alinyoosha mikono kisha akairudisha. "Nimechoka na safari," alisema. "Labda nanukia ndege."

Mama Redio alimwita kutoka ukumbini, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mama Pasi hakugeuka. Wapangaji wakasema maringo ya ng'ambo hayo. Mama Chiriku alikuwa karibu naye, akauona uso wake. Hayakuwa maringo. Alikuwa kama mtu anayesikia jina la jirani likiitwa na kungoja jirani aitike.

Kesho yake alimkuta amemimina vikombe viwili vya chai na kimoja amekiweka kando, kimefunikwa na kisahani.

"Hiki cha nani, mama?"

Mama Pasi alikitazama kikombe kwa muda mrefu. "Cha bibi wa chini," alisema. Nyumba ile haina chini. Wote wanaishi kwenye udongo ule ule.

Kisha akashika pasi. Akatandaza shati la mteja mezani, akalinyunyizia maji, akaanza na mikono. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto, halafu mwili. Kola aliimalizia, haraka haraka, kama kitu kisicho na maana. Alifanya kazi nzuri, nzuri kuliko zote Mama Chiriku alizowahi kuziona, mikunjo imenyooka kama imepigwa rula. Ila haikuwa kazi ya Mama Pasi. Mama Chiriku alisimama mlangoni na mtoto wake, akahisi kwamba anamwangalia mtu kazini bila ruhusa ya mtu huyo.

Siku kadhaa zilipita hivyo. Asubuhi moja Mama Pasi alichukua shati, akasita, akaigeuza kola juu na kuanza nayo. Mtoto, aliyekuwa akitambaa chini ya meza, alitoka, akamshika upindo wa gauni na kujiinua. Mama Pasi alikaa chini pale pale sakafuni, akampakata.

Basi hayo yote yalimrudia Mama Chiriku pale bombani. Alianika nepi, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda chumba cha mbele.

Mama Pasi alikuwa anapanga sanduku. Safari ilikuwa kesho yake. Mashati yaliyobaki yalikuwa machache kwenye kamba, na chumba kilionekana kikubwa kuliko siku zote.

"Karibu. Ufunguo nitakuachia wewe. Pasi ile ya pili usiiamini, waya wake unacheka, shaba inaonekana."

"Mama," alisema Mama Chiriku, "wanasema hurudi."

"Nani? Mama Redio?"

"Shemeji yake amekuona huko. Anasema ulimkana."

Mama Pasi alikuwa amekunja sweta la kijani. Alilikunjua, akalikunja upya.

"Sikumkana. Sikumjua. Alikuwa ananiita nani?"

"Mama Pasi."

"Ndiyo maana."

Mama Chiriku alikaa kwenye kigoda. Ndani ya sanduku hapakuwa na nguo hata moja aliyowahi kumwona akiivaa. Kulikuwa na sketi nzito ya sufu, kitambaa cha kichwa chenye maua madogo, na soksi. Juu yake, viatu vyeusi vya kufunga kamba, visigino vimelika upande mmoja.

"Ni vya mdogo wangu," Mama Pasi alisema. "Tulifanana kama shilingi kwa ya pili, ila mimi nilimzidi mguu. Miaka ya mwanzo vilinibana mpaka nikatoka malengelenge. Mwaka jana nilitembea navyo tangu nimefika hadi nimeondoka. Havikunibana."

Alikaa kitandani, akaviweka mapajani.

"Safari ya kwanza nilikwenda kufunga chumba chake. Hospitali walinipigia mimi, pale alipokuwa anakaa hawakumpigia mtu. Baridi ya huko sikuijua, nikavaa sweta nililolikuta nyuma ya mlango. Nikashuka kutafuta chakula. Muuza mkate aliponiona, kabla sijasema kitu, akafunga mkate mdogo wa rangi ya udongo, akanipa, akanitaja jina la mdogo wangu. Alicheka yule baba. Alifurahi. Nikafungua mdomo nimwambie mimi siye, mwenyewe amekufa. Nikakuta sina maneno."

"Ulishikwa na uchungu."

"Hapana, mwanangu. Lugha yao sikuwa nayo. Nilikuwa na vile vineno alivyonifundisha kwenye simu kwa utani. Asante. Habari za asubuhi. Leo baridi kali. Neno la kusema mtu amekufa hakunifundisha. Kwa nini anifundishe? Basi nikasema nililokuwa nalo. Nikasema asante."

Mtoto alijinyoosha mgongoni. Mama Chiriku alimfungua akamweka chini, naye akaenda moja kwa moja kwenye kamba za viatu.

"Narudi na mkate, nakutana na bibi wa ghorofa ya chini. Haoni vizuri. Akanishika mikono, akaipapasa, akalia. Alidhani nimetoka hospitali. Akanionyesha ngazi zilivyochafuka, maana ilikuwa zamu ya mdogo wangu na hakuna aliyemshikia. Mimi ningefanya nini? Nikachukua ndoo." Alitabasamu kidogo. "Nilidhani nitaosha ngazi, nitafunga chumba, nitarudi. Kesho yake yule bibi akaniletea chai. Na keshokutwa. Yeye anaongea, mimi natikisa kichwa. Mdogo wangu naye hakuwa msemaji, kwa hiyo hakuna aliyeona tofauti. Wanadhani nimehamia mbali kwa watoto wa ndugu, na kwamba kila mwaka narudi kuwaona. Chumba kikachukuliwa, bibi akanipa kijichumba chake cha nyuma."

"Na mjini hutoki kabisa?"

"Nakwenda alikokwenda yeye. Mkate, ngazi, duka la vifungo, benchi la mbele ya duka la kufulia nguo. Mtaa wa pili sijui unaelekea wapi. Yeye hakuwa na kazi na mtaa wa pili."

Barabarani muuza ndoo alipita akigonga mali yake, na sauti ikafifia.

"Siku moja nilijaribu. Nilijiambia, wewe mwanamke, umevuka bahari mara zote hizo, nenda basi ukauone huo mto. Nikafika kwenye kona. Nikasikia muuza mkate ananiita nyuma, kwa jina la marehemu, nimesahau chenji. Niligeuka, mwanangu. Niligeuka upesi kuliko ninavyogeuka hapa mtu akiniita. Na nilipogeuka nilijiona kwenye kioo cha duka. Nikamwona yeye. Hakuwa na haraka. Alinitazama kama mimi ndiye niliyemkuta kwake."

Mama Chiriku alitamani kumchukua mtoto wake kutoka kwenye vile viatu na akaona aibu kufanya hivyo.

"Ukiwa huko unamwogopa?"

"Huko simwogopi. Huko nanyoosha mashati ya bibi kwa mikono kwanza, kama walivyomfundisha hotelini, na naona raha. Nalala vizuri. Hofu inanishika nikirudi, nikikuta kitanda changu kigumu na watu wananiita jina ambalo inabidi nifikirie." Alivigeuza viatu, akatazama visigino. "Bibi amezeeka sana. Mwaka jana aliniomba nisiondoke tena. Nikae naye mpaka mwisho wake. Chumba kipo, chakula kipo."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia nitakuja nikae."

Basi Mama Redio alikuwa amesema kweli bila kuijua. Mama Chiriku aliona macho yanamjaa, akainama kujifanya anamfunga mtoto kifungo ambacho kilikuwa kimefungwa. Alimfikiria mumewe na malori yake, meza hii ndefu bila mtu, mtoto akiumwa na hakuna wa kumwambia kwamba hilo ni jambo dogo, litapita.

"Na lugha yao?" alisema. "Mpaka leo hilo neno huna?"

"Ninalo."

"Tangu lini?"

"Zamani. Nililisikia kwenye mazishi ya jirani mmoja, nikalishika." Mama Pasi alimtazama usoni. "Ninalo na sijalitumia. Kila mwaka nakwenda nalo, nakaa mezani kwa bibi, nalisogeza mpaka kwenye meno. Halafu ananimiminia chai. Pale mtaani mdogo wangu yu hai. Ana zamu ya ngazi, ana mkate wake. Nikilisema, atakufa, na safari hii atakuwa amefia mikononi mwangu mwenyewe."

"Usipolisema?"

"Nisipolisema, sijui ni nani atakayekuwa anaosha zile ngazi."

Alisimama, akaviweka viatu sandukuni, akavitazama, kisha akavitoa. Akavisukuma chini ya kitanda kwa mguu. Akavuta kandambili zake za kazini, zile za mpira zilizochakaa, akazifunga kwenye mfuko na kuziweka mahali pa viatu.

"Na baridi?" Mama Chiriku aliuliza.

"Nitavaa soksi juu ya soksi. Nionekane kituko. Labda muuza mkate akinicheka nitapata pa kuanzia."

Mtoto aliingia chini ya kitanda kuvifuata viatu. Waliona nyayo zake tu. Alipovipata alivigonganisha, akatoa kichwa, vumbi usoni, akamtazama Mama Pasi na kumwita kwa neno lake jipya la mwezi ule.

"Bibi."

Mama Pasi aliitika papo hapo. Hakufikiri. Kisha akasimama wima, mkono kwenye sanduku, kama mtu aliyesikia mlango ukifunguka nyumba ya pili.

"Mwache aseme tena."

"Bibi. Bibi. Viatu."

"Mdogo wangu hakuzaa," Mama Pasi alisema taratibu. "Hakuwahi kuitwa hivyo na mtu yeyote." Akakaa tena.

"Nisikilize, mwanangu. Nina ombi."

"Sema, mama."

"Kila siku ukimaliza kazi, ukizima pasi, piga simu. Usinisalimie, usiniulize habari za huko. Mpe huyu simu tu, mwache aniite."

"Nitafanya."

"Na siku nikikuuliza wewe ni nani," alisema, "usikate. Mwache aendelee kuniita."